Shimo lililochimbwa mara mbili

Mtaimbo ulipozama hatukusikia kishindo chochote. Fundi aliyekuwa akiutwanga chini ya kitako cha nguzo ya tisa aliuinua, akaushusha tena, na safari hii ukamteleza mikononi mpaka ukabaki urefu wa kiganja juu ya jiwe. Tulikuwa upande wa mashariki wa Unguja, kwenye ardhi ya maweni ambayo kila aliyekuwapo, nikiwamo mimi, aliamini kuwa ni jiwe tupu kuanzia nusu mita kwenda chini. Vishimo vitatu vya majaribio tulivyochimba kabla ya kazi kuanza vilikuwa vimeonyesha jiwe gumu lisilo na ufa. Lakini maji ya mvua yanayopenya kwenye jiwe la matumbawe hulila kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, likabaki gamba juu na pango chini yake, na kishimo kilichochimbwa mita nne kando ya pango hakikuambii lolote.

Tulipasua gamba, tukalisafisha pango, tukalijaza zege. Kazi ilisimama siku kumi na moja, na mteja akaletewa gharama ambayo mpaka leo naamini hakuielewa, kwa sababu hakuna mtu anayefurahi kulipia zege asiloliona. Miezi kadhaa baadaye nikiwa kwenye harusi ya jamaa yangu nilikaa mkeka mmoja na mhandisi mwenzangu, na katika mazungumzo ya kungoja pilau akanieleza kwamba yeye alikutana na pango hilohilo miaka miwili kabla yangu, kwenye kiwanja kinachopakana na kile. Alikuwa na mchoro wake na vipimo vyake, hata picha za mafundi wakiwa wamesimama ndani yake mpaka kifuani. Vyote vilikuwa kwenye kompyuta yake. Hakuna aliyemwuliza, na wala hapakuwa na mahali alipotakiwa kuvipeleka.

Tangu siku hiyo nimeacha kuungana na wanaolalamika kwamba sisi wataalamu wa ujenzi wa visiwani hatuna vitabu. Vitabu tunavyo, vingine vingi kuliko tunavyosoma. Tunachokosa ni kumbukumbu za ardhi yetu wenyewe, za mchanga wetu, za upepo wetu na za majengo yetu yaliyoshindwa, zikiwa zimeandikwa na kuwekwa mahali ambapo mwingine anaweza kuzikuta.

Nianze na vitabu, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa kwanza. Wahandisi wengi wa rika langu walifundishwa kwa BS 8110, kanuni ya Kiingereza ya kusanifu zege, na bado mahesabu mengi yanaandikwa kwayo ingawa Waingereza wenyewe waliiondoa mwezi Machi 2010 na kuhamia kwenye kanuni za Ulaya. Hilo halinitii hofu sana, maana kanuni ya zamani ikifuatwa kwa uaminifu hutoa jengo salama. Kinachonitia hofu ni mchanganyiko. Kanuni ya Kiingereza huukuza uzito wa jengo lenyewe mara 1.4 na mzigo wa watumiaji mara 1.6, ilhali ile ya Ulaya huvikuza mara 1.35 na mara 1.5, na kila moja ina namna yake ya kupunguza nguvu ya zege na chuma. Mtu akichukua mizigo ya huku na nguvu za kule, kwa sababu programu aliyonakili kwa rafiki yake imepangwa hivyo na yeye hakufungua ukurasa wa mipangilio, anakuwa amejitungia kanuni ya tatu ambayo haijawahi kuwa na mwenyewe. Nimekuta mahesabu ya namna hiyo mezani mwangu zaidi ya mara moja, yakiwa yamepigwa chapa safi na kufungwa vizuri kwenye jalada.

Majirani zetu wamekwenda mbele kidogo, na inafaa kuwatazama. Kenya imeziacha kanuni zake za ujenzi za mwaka 1968 na kupitisha nyingine mwaka 2024. Uganda ina kanuni ya matetemeko, US 319, tangu 2003, na Kenya iliandika mwongozo wake wa matetemeko zamani zaidi, mwaka 1973. Watu wa hapa huniambia kwamba tetemeko ni jambo la Bukoba, kule bara, ambako mwezi Septemba 2016 majumba yaliangukia watu. Huwakumbusha usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, pale bahari ya kusini mwa Dar es Salaam ilipotetema kwa ukubwa wa karibu 6 na watu wa Unguja wakatoka nje na kanga na misuli yao.

Kuna pia viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vyenye faida ya haraka zaidi kwa mtu wa saiti, kwa sababu vinahusu kitu anachokishika. EAS 18 ni ya saruji. Maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa mfuko, ambayo wengi huyaona kama mapambo, yanatoka humo: 32.5 au 42.5 ni nguvu kwa megapaskali baada ya siku 28, na herufi R ikifuata ina maana saruji hiyo hupata nguvu mapema. Mfuko wa 32.5 unafaa kwa plasta na matofali. Nguzo inayobeba ghorofa tatu ningependa ipewe 42.5, na ningependa zaidi kwamba anayenunua ajue anachosoma kabla hajauliza bei.

EAS 412 ni ya nondo, na hapa nieleze nilichokiona. Mteja mmoja, mama aliyekuwa akijenga nyumba ya kuwarithisha wanawe, alinipigia simu kuniuliza kwa nini duka moja linauza nondo za milimita 12 kwa bei ya chini sana kuliko maduka mengine. Nilimwambia aniandalie mzani wa mchele. Nondo ya kweli ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa kila mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 kinapaswa kukaribia kilo 10.7. Tuliikata moja vipande, tukavifunga kamba na kuvitundika mbele ya mafundi. Mzani ulisoma kilo nane na ushei. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, unapata chuma cha milimita 10.5, yaani karibu robo ya chuma chote alichokilipia haikuwamo. Yule mama hakusema kitu. Aliitazama mizigo miwili iliyokwisha kushushwa uwanjani, akajifunga buibui lake vizuri, akaenda kuirudisha. Siku hizi kila fundi niliyefanya naye kazi anaijua njia ya kukumbuka bila kitabu: kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo za mita moja.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo adui yetu mkubwa. Hapa sina budi kukawia kidogo, kwa sababu vitabu vya mbali vinaijua chumvi kwa jumla, nasi tunaishi nayo. Zege zuri ni chungu kwa kemia yake, yaani lina alkali, kinyume cha asidi, na uchungu huo ndio unaoilinda nondo isipate kutu. Vitu viwili huuondoa ulinzi huo. Cha kwanza ni hewa yenye kaboni dioksidi, inayoingia pole pole kutoka juu na kuupoza uchungu. Cha pili ni kloridi ya chumvi, inayoweza kuingia na upepo wa bahari, au, vibaya zaidi, ikawamo tangu siku ya kwanza ndani ya mchanga na maji ya kukorogea. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulisukuma zege mpaka linapasuka kwa mstari ulionyooka kuifuata nondo, kisha linaanguka mabamba mabamba.

Niliitwa kutazama baraza la nyumba iliyo karibu na pwani, haijafikisha miaka kumi na tano, ambalo dari lake lilikuwa limeanza kudondosha vipande juu ya meza ya chai. Mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi mara tatu. Nilibandua kipande kwa patasi, nikapulizia fenofithaleni, dawa ambayo hugeuka rangi ya zambarau palipo na uchungu na hubaki bila rangi pale ulipokwisha. Rangi ilijitokeza ndani kabisa, nyuma ya nondo, huku nondo zenyewe zikiwa zimelala upande usio na rangi. Nilipima zege lililozifunika: milimita 12. Kanuni ya Ulaya, kwa jengo linalopata hewa ya chumvi bila kuguswa na maji ya bahari, kwa kawaida hutaka milimita 35, na huongeza 10 za kufidia makosa ya kazi, hivyo 45. Nilimwuliza fundi aliyesuka chuma, ambaye kwa bahati alikuwa mtaa huohuo, kama waliweka biskuti, vile vitofali vidogo vya kuinulia nondo. Akajibu kwa heshima zote: "Tuliweka kokoto, bwana mhandisi. Lakini siku ya kumwaga zege watu wanapita juu, zile kokoto zikatawanyika." Sikuwa na la kumlaumu. Mchoro aliopewa haukuandika unene wowote.

Mchanga nao unazidi kuwa wa shida. Mashimo ya Unguja yanakwisha, uchimbaji umewekewa vibali, na kila bei ya lori inapopanda, kishawishi cha kuteka mchanga wa ufukweni usiku kinapanda nayo. Maabara zipo, Taasisi ya Viwango ya Zanzibar ipo, na majibu yao ndiyo ya kutegemewa. Lakini kabla lori halijamwaga mzigo kuna jaribio dogo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya juu ya ndoo iliyogeuzwa. Unatia mchanga kidogo kwenye chupa safi, unaongeza maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi yoyote, unatikisa, unayaacha yatue, kisha unadondosha matone ya nitrati ya fedha kwenye maji ya juu. Yakibaki maangavu, salama. Yakigeuka kama tui la nazi, rudisha lori. Jaribio hili halikupi kiasi, linakupa tahadhari tu, na lina mtego wake: usitumie maji ya bomba. Mara ya kwanza nililifanya kwa maji ya kisima cha palepale saiti, nikaukataa mchanga usio na kosa, mpaka nilipoyajaribu yale maji peke yake na kukuta kwamba tui lilikuwa la kisima. Ndiyo maji tuliyokuwa tukikorogea zege wiki nzima.

Upepo nitaupitia kwa ufupi, ingawa una historia inayostahili makala yake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kwa wingi, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na ndipo Pemba ilipochukua nafasi ya kwanza katika karafuu. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, kikitua Mafia. Katikati ya matukio hayo mawili wahandisi wamezoea kusema kwamba hapa hakuna vimbunga, na mapaa mengi ya mabati ya hoteli za ufukweni yamepigwa misumari kwa imani hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina vituo visiwani na takwimu zake zinaombwa. Bado naona mahesabu yanayochukua kasi ya upepo kutoka mfano wa kitabu cha chuo, ambacho mji wake wa mfano uko Uingereza.

Turudi ardhini. Waliotutangulia walituachia zaidi ya tunavyodhani. Ripoti ya Stockley juu ya jiolojia ya Unguja na Pemba ilichapishwa mwaka 1928, na kwa mtu anayetaka kujua kwa nini upande wa magharibi wa Unguja una udongo wa kina na upande wa mashariki una matumbawe ya juu juu, bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Karatasi nyingi za zama hizo ziko kwenye jumba la Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, na nimewahi kukaa asubuhi nzima nikisoma barua za idara ya ujenzi ya enzi ya ukoloni zinazolalamikia mambo yaleyale tunayoyalalamikia sisi. Kwa upande wa leo kuna hazina ambayo wenzetu wa nchi nyingi wangeitamani: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya visiwa na kupiga picha zenye ukali wa sentimita chache kwa nukta, na picha hizo zikawekwa wazi kwa umma. Mimi huzifungua kabla ya kufika kiwanja chochote. Unaona bonde ambalo mteja amelisahau, unaona mstari wa maji ya masika, na kwenye ardhi ya mawe unaona madoa ya miti mikubwa iliyoota kwa kundi, dalili kwamba pale jiwe limezama na udongo umejaa shimoni.

Hazina nyingine iko midomoni mwa wakulima. Kabla mhandisi yeyote hajaleta mashine ya kutoboa, watu wa visiwa hivi walikuwa wameshaipa ardhi majina: kinongo, ule udongo mwekundu wa kina, kichanga, kinamo cha mabondeni, kinachovimba kikinywa maji na kupasuka kikikauka, uwanda, wenye udongo mwembamba juu ya matumbawe, na maweni, jiwe lenyewe. Niliwahi kumwuliza sheha mmoja wa Pemba juu ya kiwanja cha skuli, naye, bila kusimama kwenye kibaraza chake, akanionyesha kwa fimbo: "Kuanzia mwembe ule kwenda juu ni kinongo. Kuja huku ni kinamo, na kisima cha marehemu baba kilibomoka mara mbili." Tulipochimba, mpaka ulikuwa hatua sita kutoka kwenye mwembe. Jengo lilisogezwa juu.

Na kuna mafundi wa chokaa, ambao wanapungua. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, kwa hiyo ustadi wa kujenga kwa matumbawe na chokaa katika kisiwa hiki ni mkongwe kuliko kanuni zote nilizozitaja. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za nusu mita na zaidi, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi. Upana wa chumba uliamuliwa kapani, kwenye msitu wa mikoko. Mwashi mzee niliyemkuta Mkunazini akibandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa zamani aliniambia, nami nilikuwa kijana nimetoka chuoni na kalamu mfukoni: "Ukuta huu unapumua, mwanangu. Mkiupaka saruji mmeuziba pua." Kisha akaniweka mkono kwenye ncha ya boriti iliyokuwa ndani ya ukuta ule. Ilivunjika kama mkate. Unyevu uliokosa njia ya kutoka ulikuwa umeiozesha pale pale ilipokaa, mahali ambapo jicho halifiki.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit-el-Ajaib iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Jengo hilo la Sultan Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa mchanganyiko wa aina yake: kuta za matumbawe na chokaa zikisaidiana na nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, ili kupata kumbi pana ambazo boriti haiwezi. Sehemu nyingine ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Nilisimama Forodhani kesho yake pamoja na watu wengine, na nilichosikia zaidi ni wahandisi wakiambiana kwa sauti ya chini kila mmoja alichowahi kukiona ndani ya jengo lile: ufa huu, maji yale. Ya jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, yalizungumzwa hivyohivyo, kwa simu na vibarazani.

Waingereza walianzisha mwaka 2005 utaratibu unaoitwa CROSS, ambao baadaye umefuatwa Marekani na Australia. Mhandisi anaandika kosa aliloliona, au alilolifanya yeye, jina lake na la jengo yanaondolewa, wataalamu wanaongeza maoni yao, na habari inachapishwa bure. Nimesoma humo mambo ya nanga zilizong'oka na dari zilizodondoka nikajiona nimo. Sioni kwa nini sisi tusiwe na wetu wa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, maana wanaosuka chuma na kukoroga zege wanasoma Kiswahili. Pingamizi ninalolisikia ni kwamba watu wataogopa mahakama na kupoteza wateja. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana majina huondolewa.

Kwa sasa nina daftari. Ni la jalada gumu, la kawaida, na kila ukurasa ni shimo moja: shehia, tarehe, alama ya mahali kutoka kwenye simu, kina cha kila tabaka kwa majina ya wakulima na kwa majina ya chuo, maji yalipatikana wapi, mtaimbo ulizama au haukuzama. Lina mashimo mia moja na kumi na manne, na thelathini kati ya hayo si yangu. Nimepewa na wenzangu wanne, akiwamo yule wa kwenye mkeka wa pilau, ambaye ukurasa wake nimeubandika mkabala na wangu. Wiki iliyopita kijana mmoja, mhandisi wa mwaka wa pili kazini, alinipigia simu akiwa Pemba, nje kidogo ya Chake Chake, akaniuliza kama nina lolote la karibu na hapo. Nilikuwa nalo moja, la mwaka 2019, mita mia mbili hivi kutoka alipokuwa amesimama. Nikamsomea: kinongo mpaka mita 1.6, kisha kinamo cha kijivu, maji kwenye mita 2.3, mwezi wa Aprili. Nilisikia akiandika. Akaniuliza kama asome na cha kwake, ili nami niandike.